Sheria Ndogo na Mwenendo wa Watu: Halmashauri Ikomee Wapi?

Sheria ndogo ni kanuni inayotungwa na mamlaka ya mahali, iwe halmashauri ya wilaya, manispaa, jiji au kijiji, na kumbana kila anayeishi au kupita katika eneo la mamlaka hiyo. Nguvu yake ni ya kuazimwa kutoka kwa Bunge. Tanzania Bara chanzo chake ni Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 kwa mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 ya mwaka huo huo kwa mamlaka za miji. Kenya, tangu Katiba ya 2010, kaunti zina mabunge yake yanayotunga sheria kamili, ingawa kanuni nyingi za mabaraza ya miji ya zamani ziliendelea kutumika baada ya mabaraza yenyewe kufutwa.

Sehemu kubwa ya sheria hizi haina ugomvi na mtu. Inapanga ushuru wa soko, njia za mifugo, ukusanyaji wa taka, uchinjaji, leseni. Makala hii inashughulikia fungu dogo zaidi na lenye moto zaidi: kanuni zinazomfuata mtu mwenyewe. Anywe saa ngapi, avae nini, asimame wapi na kwa muda gani, apige muziki mpaka saa ngapi, alime zao gani, atafune jani gani. Hizi ndizo zinazoleta swali la kama serikali za mitaa zimevuka mpaka. Msimamo wa mwandishi ni kwamba mpaka huvukwa pale sheria inapoacha kuadhibu tendo lililomuumiza mtu fulani na kuanza kuadhibu hali ya mtu, kama vile umaskini, ujana, vazi au kukosa ajira, huku ikimwachia mgambo aamue barabarani nani ana hatia. Historia ya Afrika Mashariki imejaa ushahidi wa jambo hilo.

Kwanza, zinavyotungwa

Kwa mujibu wa sheria za 1982, halmashauri haiwezi kuamka asubuhi na kutangaza marufuku. Inapaswa kuandaa rasimu, kuwatangazia wananchi kusudio lake ili wenye pingamizi walitoe, kuipitisha katika kikao cha baraza la madiwani, kuipeleka kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, kisha itoke katika Gazeti la Serikali. Ya kijiji inaanzia kwa halmashauri ya kijiji na wanakijiji wenyewe, na baraza la madiwani la wilaya ndilo linaloidhinisha. Kenya nayo, Ibara ya 196 ya Katiba inaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria.

Kwenye karatasi huu ni utaratibu mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kikwazo ni kwamba tangazo la kusudio hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, mahali ambapo mama lishe na dereva wa bodaboda hawana sababu ya kwenda mpaka siku wamekamatwa. Sheria ndogo nyingi mtu huzifahamu kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mbele ya mgambo.

Pembeni ya utaratibu huu kuna kitu kingine ambacho wananchi wengi hukichanganya na sheria ndogo, nacho ni amri ya mkubwa. Mkuu wa mkoa au wa wilaya hana mamlaka ya kutunga sheria. Hata hivyo Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48, pale panapokuwa na tishio la kweli kwa amani na hakuna njia nyingine ya kulizuia. Uwezo huo uliokusudiwa dharura umegeuka kuwa fimbo ya kutekelezea maagizo yasiyo na sheria nyuma yake. Mwaka 2016, vijana walipotangaziwa kwamba atakayekutwa akicheza pool saa za kazi atakamatwa, wengi waliamini hiyo ni sheria. Hapakuwa na baraza la madiwani lililoijadili wala gazeti lililoichapa. Kijana asiye na ajira hana saa za kazi, na anayefanya kazi usiku ana haki ya mchana wake.

Mizizi: amri za wenyeji na matuta ya Uluguru

Anayetaka kuelewa kwa nini serikali za mitaa katika eneo letu zinapenda kushika mwenendo wa mtu hana budi kurudi mwaka 1926, wakati gavana Donald Cameron alipoleta Tanganyika mfumo wa kutawala kupitia machifu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka huo iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya mambo ya kila siku: kutengeneza na kunywa pombe, kucheza kamari, kubeba silaha, kukata miti, kuchafua maji, kulima mazao ya chakula. Chifu alitoa amri, mahakama ya chifu ikaadhibu, na faini mara nyingi ikaingia katika hazina ya chifu huyo huyo. Mtunga sheria, hakimu na mkusanya faini wakawa wa nyumba moja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wa kilimo waliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Hofu ilikuwa na msingi, milima ilikuwa inachakaa kweli. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa amri. Usambara watu waliamriwa kulima kwa matuta. Usukumani waliamriwa kupunguza ng'ombe na kufuata orodha ndefu ya masharti ya shamba. Uluguru, kuanzia mwaka 1950, waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali, kazi nzito ambayo kwa kiasi kikubwa iliangukia mabega ya wanawake. Tena matuta yale hayakuufaa udongo wa sehemu nyingi za Uluguru: kuchimba ngazi kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu ule usiozaa. Mkulima aliyekataa kwa sababu alilijua shamba lake vizuri kuliko bwana shamba alitozwa faini au kufungwa.

Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mradi ukasimama. Harakati za namna hiyo, kutoka Usambara hadi Usukumani, zilikipa chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, wanachama ambao hotuba za mjini peke yake zisingewapata. Mwanakijiji wa Uluguru hakuhitaji kufundishwa maana ya kutawaliwa. Aliijua kila alipoinua jembe kuchimba ngazi.

Linalosikitisha ni yaliyofuata. Uhuru ulikuja na machifu wakaondolewa, lakini namna ile ya kufikiri ikabaki. Katika miaka ya 1970 wilaya nyingi zilitoa masharti ya ekari za lazima kwa kila kaya. Kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, baada ya ukame wa 1973 na 1974, ilikuwa na sababu nzito kwani njaa ilikuwa mlangoni. Hata hivyo katika sehemu nyingi ofisa aliyeitekeleza alitumia kalamu ile ile ya faini aliyoitumia bwana shamba wa kikoloni. Serikali za mitaa zenyewe zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa muongo mmoja baadaye, na ziliporudi zilikuta mazoea hayo yakizisubiri.

Kosa la kusimama tu

Hakuna fungu la sheria za mwenendo lililodumu muda mrefu kama lile la uzururaji. Asili yake ni Uingereza. Baada ya tauni kuu kuua sehemu kubwa ya watu wa nchi ile, mfalme alitoa amri mwaka 1349 ya kuwalazimisha wenye nguvu kufanya kazi kwa mishahara ya zamani na kuwazuia wasihamehame kutafuta zaidi. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza likatunga sheria mpya ya uzururaji iliyowagawa maskini wa barabarani katika mafungu: mvivu mwenye fujo, laghai na mzururaji, na laghai sugu. Mafungu hayo yalisafirishwa na dola la Kiingereza hadi Afrika, yakapandwa katika kanuni za adhabu za Tanganyika, Kenya, Uganda, Malawi na kwingineko.

Makoloni yaliongeza chumvi yao. Dar es Salaam ya miaka ya 1940 ilikuwa inafurika vijana kutoka bara, na wakubwa wakawaita wahuni. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na misako ya kuwarudisha makwao ikawa jambo la kawaida katika miaka ya 1950. Uhuru haukuikomesha misako hiyo. Mwaka 1976 Dar es Salaam ilishuhudia operesheni iliyoitwa Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa waziri mkuu, Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, iliyozipa mamlaka za mitaa jukumu la kuandikisha wakazi na kutenganisha wenye kazi inayotambulika na wasio nayo. Waliokosa kitambulisho walikamatwa na kupelekwa mashambani, na wengi walirudi mjini haraka kwa sababu kilichowaleta mjini hakikuwa kimebadilika. Mtu aliyekuwa akiuza karanga, kushona viatu au kuchota maji ya kuuza alikuwa akifanya kazi tangu alfajiri. Tatizo ni kwamba kazi yake haikuwa katika fomu.

Ni vema kusema kwa haki kwamba waliotunga sheria ile hawakuwa wakatili. Waliamini kwamba nchi maskini haiwezi kulea watu wasiozalisha, na mkulima wa kijijini aliwaunga mkono. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba polisi na mgambo wanaweza kumtazama mtu barabarani na kumtambua mzalishaji.

Mahakama ndizo zilizoanza kuliona hilo. Mwaka 2015 mchuuzi mmoja wa Malawi alikamatwa alfajiri akienda sokoni Limbe kuuza mifuko ya plastiki, akashtakiwa kwa ulaghai na uzururaji. Alipinga, na Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikakifuta kifungu kilichotumika kumshtaki. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu vinavyofanana nacho, kwa kuwa ni vya kutatanisha na vinamnyima mtu haki ya kuhesabiwa asiye na hatia. Katikati ya hukumu hizo mbili, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Chama cha Mawakili wa Afrika. Ilisema kwamba sheria zinazofanya kosa hali ya mtu kukosa makazi, kazi au njia ya kujipatia riziki haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzipitia upya, kuzirekebisha au kuzifuta, pamoja na sheria ndogo za aina hiyo. Maoni ya ushauri hayana meno ya hukumu. Lakini hoja yake inashika: mtu aliyesimama kituoni hajamfanyia yeyote kitu.

Vazi

Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, ianze rasmi Januari 1969. Haikusubiri Januari. Mwezi ule ule wa Oktoba makundi ya vijana yalisimamisha mabasi Kariakoo na kuwashambulia wanawake waliovaa nguo fupi, hadi polisi wakaitwa. Magazeti ya Dar es Salaam yalipokea barua nyingi mno, za kuunga mkono na za kupinga, na mjadala ule bado ni miongoni mwa mijadala ya wazi kabisa iliyowahi kufanyika nchini juu ya mwili wa mtu na utamaduni wa taifa. Malawi chini ya rais Kamuzu Banda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 ilitunga sheria ya mavazi, na mwanamke kuvaa suruali hadharani likawa kosa.

Somo la 1968 ni kwamba marufuku ya vazi, hata ikiwa na nia ya kujenga heshima, huwapa watu wasio na mamlaka yoyote ruhusa ya kumgusa mwanamke. Nairobi ililiona hilo Novemba 2014, wanawake walipovuliwa nguo hadharani na genge la wanaume waliodai wamevaa vibaya. Watu waliandamana, na mwezi uliofuata Bunge la Kenya likaongeza katika kanuni za adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Hapo sheria ilisimama mahali pake, upande wa aliyeguswa.

Desturi ya mahali ni jambo jingine. Mji wa Waislamu wa mwambao una matarajio yake juu ya vazi, na mgeni mwenye adabu huyafuata bila kusukumwa. Desturi hiyo imeishi kwa karne nyingi kwa macho ya majirani na neno la mtu mzima, na sioni inafaidika nini ikikabidhiwa kwa mgambo mwenye kitabu cha stakabadhi.

Pombe, muguka na madhara ya kweli

Mpaka sasa mifano imeelemea upande mmoja, na ingekuwa uongo kuishia hapo. Kuna mwenendo wa mtu binafsi unaowaumiza wengine waziwazi. Baba anayemalizia mshahara kilabuni anaiacha nyumba bila unga. Baa iliyo jirani na shule huyafanya masomo ya jioni yasiwezekane. Vijiji vingi vya Tanzania vina kanuni kwamba vilabu vya pombe visifunguliwe kabla ya alasiri msimu wa kilimo, na mara nyingi wanaozidai kwa sauti kubwa katika mkutano ni wanawake. Hizo ni sheria zilizotoka kwa wenye maumivu, na zinadhibiti saa na mahali bila kumkataza mtu asinywe.

Kenya, sheria ya vileo ya 2010, maarufu kwa jina la mbunge John Mututho aliyeipigania, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana siku za mwisho wa wiki na sikukuu. Ilipigwa vijembe sana, lakini mhusika mkuu wake ni mwenye baa: yeye ndiye mwenye leseni ya kupoteza, na kwake sheria ina mahali pa kushikia bila kumsaka kila mnywaji njiani.

Mfano mgumu kuliko yote ni wa juzi, na unatoka mwambao. Muguka ni aina ya miraa inayolimwa zaidi Mbeere, kaunti ya Embu. Ni ya bei nafuu, na kwa miaka kadhaa wazazi wa Mombasa na Kilifi wamelia kwamba inawamaliza vijana wao, hata watoto wa shule. Mwezi Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu ikawaka moto: kwa maelfu ya familia kule muguka ni karo ya shule na bili ya hospitali. Rais William Ruto akatangaza kwamba amri zile ni batili kwa sababu sheria ya taifa inaitambua miraa kama zao la biashara, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha utekelezaji wake.

Hapa mwandishi hawezi kusimama pembeni na kuwahubiria wazazi wa Mombasa juu ya uhuru wa mtu binafsi. Kijana wa miaka 14 anayetafuna usiku kucha na kulala darasani hajachagua kitu, ameuziwa. Tena Katiba yenyewe, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya, kwa hiyo Mombasa haikuota mamlaka yake. Walakini njia iliyotumika ilikuwa dhaifu. Amri ya gavana haikupitia bunge la kaunti wala vikao vya umma ambapo muuzaji, mzazi, daktari na mkulima wangesikilizana. Na ilikataza kitu chote kwa watu wote, wakati kilio kilikuwa juu ya watoto. Sheria ya kaunti ya kupiga marufuku kumuuzia mtoto, kuuza karibu na shule, na kuuza bila leseni ingegusa kidonda chenyewe, na ingekuwa ngumu zaidi kwa Embu kuipinga mahakamani.

Muziki wa usiku na kesi ya Kent

Jirani anayepiga muziki ndiye anayeonyesha vizuri kuliko wote mahali ambapo haki mbili zinakutana ukutani. Vigodoro vya Dar es Salaam, zile ngoma za kukesha mtaani kabla ya harusi au baada ya unyago, zimekuwa zikipigwa marufuku na mamlaka mara kwa mara na kurudi mara kwa mara. Sababu zinazotajwa huchanganywa: kelele, watoto kukesha nje, na uchezaji unaodaiwa kuwa wa aibu. Sababu ya kwanza inatosha. Spika zikinguruma mpaka alfajiri, mgonjwa wa nyumba ya tatu hana pa kukimbilia. Hii ya tatu ndiyo inayopaswa kutazamwa kwa tahadhari, kwa sababu ikishakuwa kosa hapatakuwa na ngoma ya kinamama itakayosalimika.

Kesi inayonukuliwa sana juu ya mipaka ya sheria ndogo katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, zikiwemo zetu, ilihusu muziki pia. Mwaka 1898, katika kesi ya Kruse dhidi ya Johnson, mtu mmoja aliadhibiwa huko Kent kwa kuendelea kuimba karibu na nyumba ya mtu baada ya kuombwa anyamaze. Sheria ndogo ya eneo lile ilikataza kuimba au kupiga ala ndani ya yadi 50 za nyumba ikiwa mwenyeji au polisi amekutaka uache. Mahakama iliiacha sheria isimame. Majaji walisema kwamba chombo kilichochaguliwa na wananchi kiheshimiwe, na kwamba mahakama isifute sheria ndogo kwa kuwa tu jaji hakuipenda. Wakaweka kipimo: itafutwa ikiwa inawabagua watu wa tabaka fulani, ikiwa ni dhuluma ya wazi, ikiwa ilitungwa kwa nia mbaya, au ikiwa inayaingilia maisha ya watu kwa ukandamizaji usioweza kuhesabiwa haki na mtu mwenye akili timamu.

Kipimo hicho kina zaidi ya miaka 120 na bado kinafanya kazi vizuri kikiletwa Uswahilini. Sheria ya Kent haikumwadhibu mtu kabla hajaombwa anyamaze. Ilimpa mwenye nyumba nafasi ya kusema, nyamaza, naumia. Kanuni za usumbufu wa umma za jiji la Nairobi za mwaka 2007, kwa kulinganisha, zilifanya kosa kutema mate njiani na hata kupenga kamasi bila kitambaa. Nia ya afya inaonekana. Lakini katika mji wenye watu mamilioni na vumbi lake, kosa linalotendwa na kila mtu humpa askari wa kanjo, yaani askari wa jiji, uhuru wa kumchagua amtakaye, na atakayechaguliwa ni yule asiye na gari, asiye na kadi ya ofisi shingoni na asiye na simu ya mkubwa wa kupiga.

Mkono wa utekelezaji

Hukumu nyingi juu ya sheria ndogo huishia kwenye maandishi yake, na hapo ndipo huteleza. Kanuni ya taka yenye lugha safi inaweza kuwa dhuluma, na kanuni ya ajabu inaweza kulala kabatini miaka 30 bila kumdhuru mtu. Linaloamua ni nani anaitekeleza na faini inakwenda wapi. Mgambo anayelipwa posho ndogo, au anayepimwa kwa makusanyo ya wiki, ana sababu ya kutafuta makosa. Mtu aliyekamatwa saa 3 asubuhi akiwa na beseni la nyanya hana siku ya kupoteza mahakamani. Atalipa kilichomo mfukoni, na stakabadhi haitadaiwa. Ndiyo maana wasomaji wa mjini wanaweza kuishi maisha yao yote bila kujua kwamba sheria hizi zipo, huku mchuuzi akizijua moja moja pamoja na bei yake.

Ukaguzi wa mfumo wa haki jinai wa Kenya, ambao ripoti yake ni ya mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliojaa mahabusu na magerezani kwa wingi ni watu wa makosa madogo madogo, maskini kwa sehemu kubwa. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha kanuni za kuzihimiza nchi kuyaondoa makosa ya aina hii katika orodha ya jinai. Halmashauri inaweza kumtoza mtu gharama ya kusafisha alichochafua bila kumlaza selo.

Na upo ushahidi kwamba njia nyingine hufanya kazi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusoma, wakakaa chini ya miti na madarasani wakisikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho na minyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kusafisha visima. Kuchimba choo ni jambo la ndani kabisa ya maisha ya nyumba, na amri za kikoloni zilikuwa zimelipigania kwa faini kwa miaka mingi. Kampeni ilikuwa na shinikizo lake, hakuna haja ya kuipamba. Hata hivyo tofauti na matuta ya Uluguru ilikuwa kubwa: waliochimba walikuwa wameelezwa sababu, na walikuwa wamepata nafasi ya kubisha.

Kwa diwani au mwenyekiti wa kijiji anayeandaa kanuni mpya leo, mahali pa kuanzia ni daftari la mahakama ya mwanzo inayohudumia kata yake. Atazame kesi za sheria ndogo za mwaka uliopita, kesi moja moja: nani alilalamika, ni jirani au ni mgambo peke yake, mshtakiwa alikuwa na kazi gani, alilipa nini au alilala wapi, na kama baada ya adhabu ile kelele, taka au ulevi ulipungua mtaani. Kanuni ambayo katika daftari lote haina mlalamikaji hata mmoja zaidi ya aliyekamata, baraza la madiwani linaweza kuanzisha utaratibu wa kuifuta katika kikao chake kijacho.